Mashine ya Pasua

Ebenezeri Kimaro aliipiga mashine kama alivyompiga mkewe: kofi kwanza, halafu ngumi, halafu chochote kilichokuwa karibu. Asubuhi ile kilichokuwa karibu kilikuwa nyundo ya mti. Aliishusha kwenye ubavu wa chuma mpaka vumbi la mbao likaruka juu, na kiwanda kizima, yaani watu watatu, kikanyamaza.

"Imesimama tena," alisema. "Hellen! Imesimama tena!"

Hellen alikuwa amepiga magoti nyuma ya boksi la umeme, tochi mdomoni. Aliitoa. "Nimeona, Baba Gladys."

"Umeona nini? Tangu mvua zianze wewe unaona tu!"

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na maandishi mekundu yale yale, kwamba daraja limegusa kikomo. Lilikuwa halijagusa kitu. Daraja hilo ni boriti la chuma lililokwenda mbele na nyuma juu ya meza pana, likiwa limebeba mota yenye kisu cha kuchonga, na kila mwisho wa meza palikuwa na swichi ndogo ya kulizuia lisipite. Sasa lilikuwa limekwama katikati ya meza, mbali na swichi zote, juu ya ubao wa mkangazi. Upande mmoja wa ubao mzabibu ulikuwa umeshachongwa, upande wa pili ulikuwa mbao tupu.

Wilbert, fundi aliyekuwa na Ebenezeri tangu kiwanda kikiwa kibanda cha mabati pale Pasua, alijifanya anatafuta gundi. Alikuwa mtu wa Mwika, mtu mzima mwenye mabega mapana na sauti ndogo, na alishajifunza kwamba tajiri wake akianza, dawa ni kuwa na kazi upande mwingine wa chumba.

Mashine hiyo waliinunua ikiwa maiti. Ilitoka kwenye kiwanda kilichofungwa, ubongo wake umeungua, na wenyewe waliiuza kama chuma chakavu. Hellen ndiye aliyemwambia mumewe aichukue. Kabla ya kuolewa alisoma elektroniki chuoni Arusha, akafanya kazi ya kutengeneza redio za magari ya watalii, na miaka yote ya ndoa alikuwa hajaacha kufungua vitu kuangalia ndani. "Mwili ni mzima," alisema siku ile. "Ubongo nitautafuta." Akaupata mtandaoni, programu huria ya kuendeshea mashine za aina hiyo, iliyoandikwa na watu wa nchi mbalimbali na kuachwa wazi, kila mtu aichukue na kuirekebisha. Aliipakia kwenye kompyuta kuukuu. Kompyuta ile mwanzoni ilikuwa ikichelewa kutuma mapigo kwa mota, ikichelewa kidogo tu, lakini kidogo hicho kiliifanya mashine itetemeke na kukata mbao zigzagi. Hellen alizima kila kilichokuwa kikiisumbua, sauti, mtandao, usingizi wa kuokoa umeme, kimoja baada ya kingine, akijaribu na kupima, mpaka siku daraja lilipoteleza mezani laini kama mtu anayepitisha mkono kwenye kitambaa. Siku hiyo hata Ebenezeri alicheka. Alimshika mkewe kiunoni mbele ya Wilbert na kusema, "Huyu ndiye injinia wangu."

Ndipo kanisa moja la Machame likaagiza mabenchi, na ndipo mashine ilipoanza kusimama ovyo.

"Nipe leo," Hellen alisema. "Leo tu."

Ebenezeri aliitupa nyundo. Ilipita karibu na sikio la Hellen, ikagonga ukuta. Halafu akatoka nje kuvuta sigara.

Hellen hakuinuka upesi. Aliendelea kukaa sakafuni, na kwa sababu alikuwa amekaa kimya hivyo ndiyo maana alisikia. Kwa jirani, upande wa pili wa ukuta wa matofali, Thadeus alikuwa akichomelea mageti. Mlio wa kuchomelea ulipokatika, Hellen alibonyeza mashine iendelee, nayo ikaendelea. Mlio uliporudi, zzzz, daraja likasimama na maandishi mekundu yakatokea.

Alikimbia mpaka kwenye uzio. "Thadeus! Nikiinua mkono, choma. Nikishusha, acha."

"Shemeji, kuna nini?"

"Wewe choma tu!"

Aliinua mkono, mashine ikasimama. Akashusha, ikaenda. Akarudia mpaka Wilbert naye akaacha gundi yake na kuja kutazama, na Hellen akajikuta anacheka peke yake kama kichaa. Programu haikuwa na kosa. Nyaya za swichi zilikuwa nyembamba, uchi, zimelala pamoja na nyaya nene za mota, na kila Thadeus alipogusisha chuma, zilidaka kelele za umeme kama redio inavyodaka kelele za pikipiki. Kompyuta ilikuwa ikisikia uongo na kuutii.

Alimweleza mumewe wakati wa chakula. Alihitaji waya wenye ngozi ya shaba iliyosukwa, unaouzwa Arusha. Alihitaji pia kontakta, swichi kubwa ya sumaku, ili kitufe chekundu cha dharura cha mashine kikate umeme chenyewe. Kwa sasa kitufe kile kilipeleka habari tu kwa kompyuta, kikiiomba isimamishe.

"Kitufe kinafanya kazi," Ebenezeri alisema. "Tulikijaribu."

"Kinafanya kazi kompyuta ikikisikia. Isipokisikia?"

"Lete huo waya. Kontakta baadaye."

"Sawa. Kesho naenda. Ila msiiguse mpaka nirudi, Baba Gladys. Nakuomba."

Ebenezeri aliweka kijiko chini. Akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika taya, vidole viwili upande huu na gumba upande ule, akabana mpaka meno yakamuuma. Wilbert alikuwa amekaa pale pale, bakuli la mtori wa ndizi mbele yake.

"Unaniamuru kwenye kiwanda changu?"

Hellen alitikisa kichwa kadiri vidole vilivyomruhusu. Ebenezeri akamwachia, akaendelea kula.

Kesho yake alirudi kutoka Arusha mchana, kifurushi cha waya begani. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, barabara ya Pasua tope tupu. Akiwa bado mbali alisikia mashine inachonga. Hasira zilimpanda, halafu zikageuka kitu kingine, kwa kuwa alipofika usawa wa Thadeus aliona cheche. Thadeus alikuwa akichomelea, barakoa usoni, cheche zikimwagika mpaka barabarani, na mashine haikusimama. Ilipaswa isimame. Jana yake ilisimama kila mara.

Mtu alikuwa ameiziba masikio.

Alianza kukimbia. Kabla hajafika mlangoni umeme ukakatika, kama unavyokatika siku zote, na sauti zote zikafa, ya mashine na ya Thadeus. Hellen alivuta pumzi. Alisimama mlangoni akishika mwimo. Ndani, Ebenezeri alikuwa mbele ya kompyuta, ambayo ilikuwa na betri yake ya akiba na haikuzimika. Wilbert alikuwa ameinama mwisho wa meza akikaza jiriwa iliyoubana ubao, mkono wake wa kulia umeingia kati ya daraja na fremu.

"Baba Gladys," Hellen alisema, "umefanya nini kwenye boksi?"

Umeme ukarudi.

Kisu kilianza kuzunguka chenyewe, kwa kuwa swichi yake ilikuwa imeachwa imewashwa. Ebenezeri, aliyekuwa amemwona mkewe mara nyingi akifanya hivyo umeme ukirudi, akabonyeza kitufe cha kurudisha daraja nyumbani. Kurudi nyumbani ni kwenda mpaka swichi iguswe. Lakini swichi sasa haikuwa na kauli. Daraja lilikwenda, likaigusa, likaivunja, likaendelea.

Wilbert hakupiga kelele mara moja. Alitazama mkono wake kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Kisha kisu kikamfikia, na sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu. Damu ilichora mstari kwenye mzabibu uliochongwa na kwenye shati la Ebenezeri. Ebenezeri akagonga kitufe chekundu, akakigonga tena, akakipiga kwa ngumi. Mota zilikuwa zikiunguruma, daraja likisukuma chuma juu ya chuma na nyama katikati.

"Haizimiki!" alipiga kelele. "Haizimiki!"

Hellen alimpita. Aliruka rundo la mbao, akaangukia magoti, akainuka, akaifikia swichi kuu ukutani na kuivuta chini kwa mikono miwili.

Kimya kilichofuata kilikuwa na Wilbert ndani yake, akilia "mama, mama," polepole.

Walilisukuma daraja nyuma kwa mabega. Thadeus aliingia na barakoa yake bado kichwani, akavua mkanda na kuukaza juu ya kiwiko cha Wilbert. Hellen aliufunga mkono kwa kanga yake mwenyewe. Ulikuwa umeshakuwa kitu kisicho na umbo, vidole vingine vikining'inia kwa ngozi. Alipoinua kichwa kuita gari, alimwona mumewe. Ebenezeri hakuwa akimtazama Wilbert. Alikuwa ameingiza mkono kwenye boksi la umeme. Aliutoa na kipande kifupi cha waya mwekundu, ncha zimechubuliwa, akakitia mfukoni.

Macho yao yakakutana. Ebenezeri akatikisa kichwa taratibu, kumwonya.

Hospitalini madaktari walikiondoa kiganja chote. Aristides, mdogo wake Wilbert, alifika kutoka Mwika akiwa na matope mpaka magotini. Ebenezeri alimshika bega kwenye korido, akamwambia kwa sauti ya msiba, "Mdogo wangu, nisamehe. Ni hii programu. Mke wangu aliiokota bure mtandaoni. Nilimkataza."

Hellen alikuwa amesimama hatua chache tu. Aristides alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Aligeuka akaenda.

Jioni nyumbani, Ebenezeri alifunga mlango kwa komeo, akakifungua kifurushi kutoka Arusha. Waya ulikuwa mzuri, mweusi, mzito, wenye shaba iliyosukwa ndani. Aliukunja mara mbili.

"Uliona nini leo?"

"Nilikuona."

Alimpiga mgongoni. Waya ule uliuma tofauti na mkanda, uliingia ndani na kubaki.

"Uliona nini?"

"Uliunganisha nyaya za swichi. Kitufe chekundu kilikuwa kwenye waya huo huo. Ulizima vyote—"

Alimpiga tena, usoni, na tena, na kila mara aliuliza swali lile lile, mpaka Hellen akiwa chini ya meza, mdomo umejaa damu, akasema hakuona kitu. Ndipo Ebenezeri akaketi. Alikuwa anahema. "Ilikuwa inasimamasimama," alisema, karibu kwa kubembeleza. "Mabenchi ya watu yananingoja. Ningefanya nini?"

Hellen hakulala, na hakulia. Chini ya meza ile, akihesabu kwa ulimi meno yaliyolegea, alimwona tena akilini Wilbert akila mtori huku taya lake Hellen likiwa limebanwa, na akajiona mwenyewe akifunga begi kwenda Arusha, akiiacha mashine imeungwa kwenye umeme mikononi mwa mtu aliyemjua.

Asubuhi walikuja. Aristides alikuwa mbele, na nyuma yake wanaume wanne wa ukoo, wawili na marungu, mmoja na sime. Waliingia kiwandani bila hodi, Ebenezeri na Hellen wakiwa wameshafika. Ebenezeri, aliyekuwa amewaona dirishani wakija, akamkamata Hellen mkono na kumsukuma katikati ya chumba.

"Huyu hapa," alisema. "Mwulizeni mwenyewe."

Uso wa Hellen ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho limefunga. Aristides alisita kidogo alipouona. Halafu akamshika nywele, akamvuta mpaka kwenye mwisho wa meza, akamwinamisha juu ya damu iliyokauka.

"Tazama," alisema. "Kaka yangu ana watoto. Ana ng'ombe wa kukamua. Atakamua na nini?"

"Niachie niwaonyeshe," Hellen alisema. Midomo ilikuwa mizito. "Nikimaliza mfanye mnavyotaka. Lakini kwanza mwone."

"Usimsikilize," Ebenezeri alisema. "Mwanamke mwongo huyo."

Labda ni uharaka wa sauti yake. Aristides alimtazama, akaziachia nywele. "Onyesha."

Hellen aliiunganisha upya swichi iliyovunjika. Aliacha kisu kimezimwa. Akawasha mota, akabonyeza daraja lirudi nyumbani. Likaenda, likaigusa swichi, likasimama. Akalipeleka mbele, na likiwa njiani akapiga kitufe chekundu. Likasimama papo hapo. "Hivi ndivyo nilivyoiacha," alisema. "Ilikuwa inasimama bila sababu, ndiyo. Lakini ilikuwa inasimama."

Kisha akafungua boksi, akachukua waya wowote kutoka sakafuni, akaunganisha pini mbili. Aliweka kipande cha mninga mahali ulipokuwa mkono wa Wilbert. "Na hivi ndivyo nilivyoikuta." Akabonyeza.

Daraja lilikuja. Liliipita swichi, likaugonga mninga, likausukuma kwenye fremu, na mninga, mbao ngumu kama mfupa, ukalia, ukapasuka katikati, vibanzi vikaruka. "Piga kitufe chekundu," Hellen alimwambia Aristides. "Piga!" Aristides alikipiga kwa kiganja, akakipiga kwa rungu la mwenzake. Mashine iliendelea kusaga. Mwenye sime alirudi nyuma mpaka ukutani. Hellen akaivuta swichi kuu.

"Nani aliunganisha?" Aristides aliuliza.

"Jana kipande cha waya kilikuwa chekundu. Baba Gladys alikitia mfukoni Wilbert akiwa bado anavuja damu."

Ebenezeri hakungoja mfuko wake upekuliwe. Alinyakua patasi pana kutoka ukutani, akamrukia mkewe. Alilenga shingo. Hellen alijikinga, patasi ikaingia kwenye mkono chini ya kiwiko na kukwaruza mfupa, na wote wawili wakaanguka juu ya vumbi la mbao, yeye chini. Ebenezeri aliichomoa ampige tena. Hellen alimwuma kifundo cha mkono. Aliuma kwa meno yake yaliyolegea mpaka akasikia ladha ya chuma, na hakuachia hata alipopigwa goti tumboni.

Rungu la kwanza lilimpata Ebenezeri mgongoni, la pili kwenye sikio. Walimtoa juu ya mkewe wakimburuta kwa miguu, wakampiga kama watu wanaopura maharage, bila kusema, kila mtu na pigo lake. Alipoacha kujikinga walimwinua, wakampeleka kwenye meza, wakaulaza mkono wake wa kulia kati ya daraja na fremu, wanaume watatu wakimkalia bega. Aristides akawasha mwenyewe swichi ya kisu. Akavuta swichi kuu juu. Kisu kikaanza kuimba.

Akamgeukia Hellen.

"Washa."

Hellen alikuwa amejikokota mpaka mbele ya kompyuta, mkono umebanwa kifuani, damu ikitona kwenye vitufe. Waya wa kuziba ulikuwa bado kwenye boksi. Kidole kimoja kingetosha.

"Hellen," Ebenezeri alisema. Meno yake ya mbele hayakuwepo. "Mama Gladys. Tafadhali."

Katika miaka yote Hellen hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kinywani mwake, na lilimpendeza. Alilisikia likimwingia mwilini kama uji wa moto. Alimtazama pale alipolala, akayatazama macho yake, na alitaka. Hakujidanganya baadaye kwamba hakutaka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Washa!" Aristides alipiga kelele. "Ndiyo haki hiyo! Mkono kwa mkono!"

"Siwashi."

"Nini?"

"Nimeiunda ichonge mbao."

Aristides alimpiga kofi, upande ule ule uliovimba. Chumba kilizunguka. "Basi nitawasha mwenyewe. Ni kipi? Hiki?" Akanyoosha kidole.

Hellen aliikumbatia kompyuta kwa mkono wake mmoja mzima, akajitupa nyuma nayo. Nyaya zilikatika kutoka kwenye boksi huku cheche zikiruka, kioo kikapiga sakafu ya saruji, na sanduku lake likamwangukia kifuani. Aliinuka kwa magoti, akaiokota nyundo ya mti, akalipiga sanduku lile mpaka chuma kikabonyea, mpaka vipande vya kijani vikatapakaa kwenye vumbi, majuma ya kupima na kurekebisha na kupima tena. Alilia hapo kwa mara ya kwanza.

Kisu kilikuwa bado kinazunguka hewani, daraja limekufa. Aristides alimtazama kana kwamba ndiye aliyemkata kaka yake. Halafu akainama, akamnyang'anya nyundo, akaenda mezani. Mkono wa Ebenezeri ulikuwa bado umeshikiliwa pale. Hellen alisema "hapana", akasema tena, lakini hakuna aliyegeuka. Aristides aliipiga mikono ya watu wengi katika ndoto zake za usiku uliotangulia, bila shaka. Huu mmoja aliupiga akiwa macho, na kila pigo lilikuwa na sauti yake, mpaka vidole vikabaki bapa kama maganda ya ndizi.

Polisi aliowaita Thadeus walifika Aristides akiwa ameketi nje, nyundo mapajani. Hakukimbia.

Kesi zilikuwa mbili, na Hellen alitoa ushahidi katika zote. Alieleza kuhusu waya mwekundu na patasi. Alieleza pia kuhusu nyundo. Wakili alimwuliza kama alikuwa anamtetea mumewe, naye akajibu kwamba ameulizwa alichokiona. Ebenezeri alifungwa. Aristides naye alifungwa, ingawa kifungo chake kilikuwa kifupi zaidi, na siku hiyo wanawake wa ukoo wake walimtemea Hellen mate kwenye ngazi za mahakama. Ebenezeri, alipopitishwa na askari, alikuwa ameuficha mkono wake ndani ya koti. Hellen alitafuta ndani yake furaha ile ya kusikia "tafadhali" na hakuikuta.

Alirudi Machame kwa mama yake, Mama Anaeli, kwenye kihamba cha nyumbani, shamba la migomba la ukoo. Binti yake, Gladys, alihamishiwa shule ya karibu. Mkono ulipopona, ukiwa na kovu refu lililovuta ngozi, Hellen alipanda gari kwenda Mwika. Hakuna aliyemtuma.

Wilbert alikuwa ameketi nje ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba. Mama yake, bibi mwenye umbo dogo na mgongo uliopinda, alimtazama mgeni kwa muda mrefu kabla ya kuitikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Halafu akaingia jikoni.

"Nimekuja kukuona," Hellen alimwambia Wilbert.

"Umeniona." Shati lake lilikuwa limefungwa kwa pini mwisho wa mkono wa kulia. "Mdogo wangu yuko ndani kwa sababu yako."

"Yuko ndani kwa sababu ya nyundo."

Wilbert aligeukia uani. Kuku walipita. "Unajua ninachokifikiria, Mama Gladys? Simfikirii yeye. Yeye ni yeye. Nakufikiria wewe unakwenda Arusha. Ulijua ni mtu wa namna gani. Kwa nini hukuchomoa hata waya mmoja, ukaondoka nao?"

Hellen alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani. Kwa hili alikuwa amejiandaa zaidi ya yote. Angeweza kusema angepigwa. Ilikuwa kweli. Angeweza pia kumwuliza yeye Wilbert alikuwa akitazama wapi siku ile mezani. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Ningechomoa," alisema. "Nilifikiri nimemwomba vya kutosha."

"Ulimwomba."

"Ndiyo."

Wilbert alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali.

Mama yake alitoka na machalari ya ndizi, sahani mbili. Ya Hellen aliiweka kwenye benchi bila kumtazama, lakini aliiweka, na nyama ilikuwamo. Wilbert alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Kilitetemeka, ndizi ikateleza, ikaangukia pajani. Hellen alianza kuinuka.

"Kaa," Wilbert alisema.

Akakaa. Wilbert alijaribu tena, ikaanguka tena. Alitukana kwa Kichagga, tusi refu la zamani ambalo Hellen hakuwa amelisikia tangu babu yake afe, na kutoka jikoni mama yake akamkemea kwa jina lake lote la ubatizo. Mara ya tatu kijiko kilifika. Alitafuna polepole, akitazama mbele, kisha akasema, bila kugeuka, "Kula basi, itapoa."

Hellen akala.